Saa ya Haile Selassie: Inaijua Februari, haimjui mwenyewe

Novemba 2017, katika mnada wa kampuni ya Christie's mjini Geneva, Uswisi, nyundo iligongwa na saa moja ya mkononi ya dhahabu ikapata mmiliki mpya kwa takriban faranga milioni 2.9 za Uswisi. Kwa viwango vya siku zile, kiasi hicho kilikuwa karibu sawa na dola milioni 2.9 za Marekani.

Saa hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Patek Philippe ya Geneva, toleo namba 2497. Upana wake ni milimita 37 hivi, ndogo kuliko saa nyingi za bei nafuu zinazopangwa juu ya meza za wachuuzi wa Kariakoo au River Road. Lakini ndani yake mna mtambo unaojua kwamba Aprili ina siku 30, Mei ina siku 31, na Februari huwa na siku 28 kwa miaka mitatu kisha 29 katika mwaka wa nne. Mafundi huita mtambo huo kalenda ya kudumu.

Kilichoipa umaarufu zaidi ni mkono uliokuwa ukiivaa. Ilikuwa mali ya Haile Selassie, Mfalme wa mwisho wa Ethiopia.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, jina hilo si la mbali. Wakazi wa Nairobi hupita Haile Selassie Avenue kila siku wakielekea stesheni ya reli. Dar es Salaam ina barabara yenye jina hilo Oysterbay, na Mombasa nayo ina yake. Ni katika mji mkuu wake, Addis Ababa, ambako Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Mei 25, 1963, na ni huko huko yaliko makao makuu ya Umoja wa Afrika hadi leo. Kwa hiyo saa yake inapouzwa Ulaya, swali la ni nani hasa mwenye mali hiyo haliwahusu Waethiopia peke yao.

Geneva ya 1936 na Geneva ya 1954

Mji wa Geneva ulimjua Haile Selassie muda mrefu kabla ya saa hiyo kutengenezwa.

Juni 30, 1936, alisimama katika mji huo mbele ya Ushirika wa Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa. Nchi yake ilikuwa imevamiwa na Italia ya Mussolini mwaka uliotangulia, na majeshi ya Italia yalikuwa yameingia Addis Ababa. Alipoanza kuzungumza, waandishi wa habari wa Kiitalia waliokuwa ukumbini walimzomea kwa kelele na filimbi. Alisubiri watolewe nje, kisha akahutubia kwa Kiamhari, akieleza jinsi gesi ya sumu ilivyomwagwa juu ya watu wake na kuyaomba mataifa yatimize ahadi yao.

Hayakuitimiza. Mwezi uliofuata, vikwazo vilivyokuwa vimewekwa dhidi ya Italia viliondolewa. Mfalme akaenda kuishi uhamishoni katika mji wa Bath, Uingereza, na mwaka 1941 akarudi kwenye kiti chake.

Mwaka 1954 alifanya ziara ndefu iliyompeleka Marekani na baadaye katika nchi kadhaa za Ulaya. Novemba mwaka huo alifika Uswisi, safari hii akiwa mgeni rasmi wa taifa. Saa ya dhahabu inahusishwa na ziara hiyo, na inaelezwa kuwa ilikuwa zawadi aliyopewa na wenyeji wake. Mji uliomsikiliza na kumwacha arudi mikono mitupu ulikuwa sasa unamvisha kazi bora kabisa ya mafundi wake.

Kampuni iliyoitengeneza nayo ina asili ya ukimbizi. Ilianzishwa Geneva mwaka 1839, na mmoja wa waasisi wake, Antoni Patek, alikuwa Mpoland aliyeikimbia nchi yake baada ya maasi dhidi ya Urusi kushindwa. Adrien Philippe, fundi wa Kifaransa ambaye jina lake linakamilisha jina la kampuni, alijiunga naye miaka michache baadaye.

Gurudumu la miaka minne

Mtoto wa shule Afrika Mashariki hufundishwa kuhesabu siku za miezi kwa vifundo vya ngumi: juu ya kifundo siku 31, bondeni siku 30, isipokuwa Februari. Mtambo wa kalenda ya kudumu unafanya karibu hesabu hiyo hiyo, ila vifundo na mabonde yake yamechongwa kwenye chuma.

Saa ya kawaida yenye tarehe huhesabu siku 31 kila mwezi bila kufikiri. Mwenye saa hiyo hulazimika kuisahihisha mara tano kwa mwaka, kila unapokwisha mwezi wenye siku pungufu. Saa ya kalenda ya kudumu haihitaji msaada huo.

Ndani ya mtambo wa kawaida wa aina hii mna gurudumu dogo linalozunguka mara moja tu katika miaka minne. Ukingo wake umegawanywa sehemu 48, moja kwa kila mwezi. Penye mwezi wa siku 31, ukingo umeachwa juu. Penye mwezi wa siku 30, umekatwa kidogo. Penye Februari ya siku 28, mkato ni wa kina kuliko yote, na mahali pamoja tu, penye Februari ya mwaka mrefu, kina hicho kimepunguzwa kidogo.

Wenzo mwembamba wenye ncha kama mdomo wa ndege huugusa ukingo huo. Unavyozidi kuzama, ndivyo unavyoruka siku nyingi zaidi mwezi unapokwisha. Hakuna betri wala chipu. Nguvu yote inatoka kwenye kamani, ule utepe wa chuma uliosokotwa ambao mwenye saa huukaza kwa vidole.

Mwezi wa angani nao una nafasi yake. Katika saa nyingi za aina hii, sahani ndogo yenye picha mbili za mwezi husukumwa na gurudumu la meno 59, kwa sababu miandamo miwili huchukua siku 59 hivi. Kwa kweli kila mwandamo huzidi siku 29 na nusu kwa dakika 44 hivi, kwa hiyo baada ya miaka miwili na miezi saba picha ile huwa imekosea kwa siku moja. Mzee wa pwani anayekwenda ufukweni kuutazama mwezi mwandamo bado ana kazi ambayo saa haiwezi kumfanyia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Fundi Mwingereza Thomas Mudge anatajwa kuwa wa kwanza kuitia kalenda ya kudumu katika saa ya mfukoni, karne ya 18. Patek Philippe ilipata hataza ya mtambo wake mwaka 1889. Saa ya kwanza ya mkononi yenye kalenda ya kudumu ilitoka mwaka 1925, na kiini chake kilikuwa kimetengenezwa mwaka 1898 kwa ajili ya saa ndogo ya kike ya kuning'iniza shingoni. Mwaka 1941 kampuni hiyo ilianza kuzitengeneza kwa mfululizo, badala ya moja moja kwa mteja maalumu.

Toleo 2497 lilianza mwaka 1951. Lilikuwa la kwanza la mfululizo kuunganisha kalenda ya kudumu na mshale mrefu wa sekunde unaozunguka kutoka katikati ya uso wa saa. Juu mna vidirisha viwili, kimoja cha siku ya juma na kingine cha mwezi. Chini mna duara la tarehe lenye picha ya mwezi ndani yake. Hadi utengenezaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, toleo hilo na ndugu yake lenye kasha lisilopenyeza maji, namba 2438/1, yalikuwa yamefikia saa 179 tu kwa jumla.

Kalenda ambayo haikuchongwa

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa Geneva hawakulichonga kwenye gurudumu lile: kalenda ya Mfalme mwenyewe.

Ethiopia ina miezi 13. Kumi na miwili ina siku 30 kila mmoja, na wa mwisho, Pagume, una siku tano, au sita katika mwaka mrefu. Mwaka mpya wao, Enkutatash, huangukia Septemba 11, na Septemba 12 kila baada ya miaka minne. Hesabu yao ya miaka iko nyuma ya ile ya kimataifa kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Ndiyo maana waliusherehekea mwaka 2000 Septemba 2007.

Hata saa za siku hazifanani. Waethiopia huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama wafanyavyo wasemaji wa Kiswahili. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba asubuhi, Mswahili na Mwethiopia wote wawili husema ni saa moja. Wapo Waethiopia wanaoziweka kabisa saa zao kwa hesabu hiyo, mshale ukaonyesha moja pale dunia nyingine inaposema saba.

Mtu akijaribu kufanya hivyo kwa saa ya kalenda ya kudumu, matokeo yake ni ya kuchekesha na ya kufundisha. Akiirudisha nyuma kwa saa sita, tarehe itabadilika alfajiri, kama siku ya Kiethiopia inavyoanza. Akiisogeza mbele kwa saa sita, tarehe itabadilika magharibi, kama siku ya Kiislamu na ya Waswahili wa pwani inavyoingia. Mtambo ni ule ule. Kinachobadilika ni makubaliano ya watu kuhusu lini leo inakuwa kesho.

Pwani yenyewe ina kalenda nyingine tena. Mwaka wa Nairuzi, ambao mabaharia na wakulima waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, una siku 365 bila kuongeza siku katika mwaka wa nne. Kwa hiyo mwanzo wake husogea polepole ukilinganishwa na kalenda ya ukutani. Sherehe za Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Zanzibar, ndizo kumbukumbu yake inayojulikana zaidi leo.

Lakini kinaya kikubwa kiko kwenye neno "kudumu". Gurudumu la miaka minne linaamini kwamba kila mwaka wa nne ni mrefu, bila kukosa. Kalenda ya kimataifa, iliyorekebishwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582, haisemi hivyo. Mwaka wa mwisho wa karne huwa mrefu tu ukigawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, lakini 2100 hautakuwa. Saa za kalenda ya kudumu za aina hii zote zitakosea siku hiyo.

Kalenda ya Ethiopia, kwa upande wake, huongeza siku kila mwaka wa nne bila kuruka karne yoyote. Maana yake ni kwamba gurudumu la miaka minne, kama lingechongwa kwa miezi 13 ya Kiethiopia, lisingekosea kamwe. Mfalme alipewa saa iliyotembea kwa mdundo wa kalenda ya nchi yake, lakini ikisoma miezi ya watu wengine.

Septemba 12, 1974

Katika kalenda ya Ethiopia, mwaka 1967 ulianza Septemba 11, 1974. Siku iliyofuata, tarehe mbili ya mwezi wa Meskerem, maofisa wa jeshi walimwondoa Haile Selassie madarakani. Alitolewa ikulu ndani ya gari dogo aina ya Volkswagen, mtu aliyezoea magari ya kifahari. Alifariki akiwa kizuizini Agosti 27, 1975. Kwa miaka yote ya utawala wa Derg, Meskerem 2 iliadhimishwa kama siku ya mapinduzi.

Mfumo ulioanguka siku hiyo ulikuwa umechanganya mali ya mtu, mali ya ukoo na mali ya dola kwa namna ambayo hata mwanasheria angetaabika kuitenganisha. Ikulu zilitwaliwa. Watu wa familia walifungwa au kukimbilia nje. Vitu vidogo vya thamani, vinavyoingia mfukoni, ndivyo vigumu zaidi kuvifuatilia.

Novemba 2015, miongo minne baadaye, saa ya toleo 2497 ilitokea katika orodha ya mnada wa Christie's mjini Geneva. Kabla ya siku ya kuuzwa, iliondolewa. Watu wa ukoo wa Mfalme walikuwa wamepinga, wakitilia shaka namna ilivyotoka mikononi mwa familia. Ilirudi mnadani miaka miwili baadaye, na safari hiyo ikauzwa.

Ethiopia imewahi kudai na kurudishiwa vitu vikubwa zaidi. Mnara wa Aksum, uliochukuliwa na Italia mwaka 1937, ulirudishwa vipande vipande mwaka 2005 na kusimamishwa tena mwaka 2008. Februari 2020, Uholanzi ilirudisha taji la karne ya 18 lililokuwa limefichwa Rotterdam kwa zaidi ya miaka 20. Vitu vilivyochukuliwa na Waingereza huko Maqdala mwaka 1868 vinaendelea kudaiwa.

Saa ya mkononi haingii kirahisi katika kundi hilo. Haikuporwa na jeshi la kigeni. Haikutengenezwa na mikono ya Kiethiopia. Ilikuwa kitu cha mtu, ingawa mtu huyo aliipata kwa sababu alikuwa ndiye dola. Mgeni anayetembelea Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ambacho jumba lake la makumbusho limo katika ikulu aliyoitoa Mfalme, anaweza kukiona chumba chake cha kulala na bafu lake. Anaona alikolala. Saa aliyoivua kabla ya kulala ilipelekwa mnadani Uswisi.

Soko la wafalme wa mwisho

Mwaka 2017 ulikuwa na mfano mwingine unaofanana na huo kwa kiasi cha kushangaza. Mei mwaka huo, mjini Geneva, saa ya Rolex iliyokuwa ya Bao Dai, mfalme wa mwisho wa Vietnam, iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 5 za Uswisi. Naye aliipata Geneva mwaka 1954, wakati wa mazungumzo ya amani yaliyoigawa nchi yake. Mei 2023, mjini Hong Kong, saa ya Patek Philippe iliyokuwa ya Puyi, mfalme wa mwisho wa China, ilipita dola milioni 6 za Marekani.

Saa hizo mbili si za kalenda ya kudumu kamili. Zinaonyesha siku, tarehe, mwezi na mwandamo, lakini zinahitaji kusahihishwa miezi mifupi inapokwisha. Kwa ufundi, ya Haile Selassie iko ngazi moja juu yao, na bado bei yake ilikuwa ya chini. Soko halilipi ufundi peke yake. Linalipa uhaba, hali ya kitu na hadithi inayokifuata.

Uhaba wenyewe una vituko vyake. Mwaka 2016, saa ya kalenda ya kudumu ya Patek Philippe toleo 1518 iliuzwa kwa faranga milioni 11 za Uswisi. Kasha lake lilikuwa la chuma cha pua, si la dhahabu. Za dhahabu zilitengenezwa kwa mamia. Za chuma zinazojulikana ni nne tu.

Ukanda huu nao una historia yake katika soko hilo, hasa upande wa Oman. Saa ambazo Sultani Qaboos aliziagiza na kuzitoa zawadi, zikiwa na nembo ya jambia la khanjar, husakwa sana na wakusanyaji. Nyingi zilitoka kwa familia za watu waliomtumikia.

Kuimiliki ni kuitumikia

Watu wengi hudhani kuwa mwenye saa kama hiyo huiweka kwenye kasha la chuma na kuisahau. Hapo ndipo kalenda ya kudumu inapopoteza maana yake. Saa ya kutia ufunguo ya aina hii haitembei zaidi ya siku mbili hivi bila kukazwa. Ikisimama, haijui tena leo ni lini. Atakayeiamsha atalazimika kuirudishia siku ya juma, tarehe, mwezi na mwandamo, kila kimoja kwa kitufe chake kidogo kilichozama ubavuni mwa kasha.

Toleo 2497 lina ugumu wa ziada: uso wake hauonyeshi ni mwaka wa ngapi kati ya minne. Atakayeisahihisha hana budi kuipeleka mbele hadi Februari na kuangalia kama itaruka baada ya 28 au 29, kisha ahesabu kutoka hapo.

Mafundi pia huonya kwamba vitufe hivyo visiguswe mtambo ukiwa kazini. Kwa saa nyingi za namna hii, muda wa hatari ni kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, magurudumu yanapojiandaa kubadilisha tarehe na yanapomaliza. Anayelazimisha wakati huo anaweza kuvunja jino ambalo kipuri chake hakiuzwi dukani.

Onyo la pili linakwenda kinyume na desturi za mtaani. Mtu akirithi saa ya zamani, jambo la kwanza analotaka ni kuing'arisha. Fundi wa kando ya barabara, mwenye kioo chake jichoni, huifanya kazi hiyo kwa nia njema. Lakini kila mpako wa dawa ya kung'arishia huondoa chembe za dhahabu, hufifisha kingo za kasha na kufuta mihuri ya kiwanda. Uso uliopakwa rangi upya hupunguza thamani zaidi. Kwa wanaojua, mkwaruzo wa mwaka 1960 ni sehemu ya saa.

La tatu ni karatasi, na hapa hadithi ya Mfalme inamgusa hata mtu asiye na saa ya dhahabu. Patek Philippe hutoa dondoo kutoka kumbukumbu zake linaloonyesha mwaka saa ilipotengenezwa na tarehe ilipouzwa. Halitaji jina la aliyeinunua wala la aliyepewa. Kiwanda kinaweza kuthibitisha kwamba saa ni halali. Hakiwezi kuthibitisha kwamba anayeivaa ni mwenyewe.

Pengo hilo hujazwa na mambo ya kawaida: barua ya zawadi, picha ya mvaaji, risiti ya fundi, wosia, mashahidi. Kampala, Bujumbura, Mwanza au Kisumu, kuna familia zenye medali ya babu aliyepigana Burma, mkufu wa bibi, au saa ambayo baba alipewa siku ya kustaafu reli. Vingi vinajulikana ni vya nani kwa sababu tu wazee wapo na wanakumbuka. Wazee wakiondoka kabla jambo hilo halijaandikwa, kitu kinabaki na mkono wowote ulio karibu nacho. Kama imekuwa hivyo kwa Mfalme aliyekuwa na waandishi, makatibu na wapiga picha wa ikulu, familia isiyo na hata daftari ina kinga gani?

Machi 1, 2100

Februari 28, 2100 itakuwa Jumapili. Usiku wa manane, kote duniani, saa za kalenda ya kudumu zenye gurudumu la miaka minne zitasogeza tarehe na kuonyesha 29. Kalenda za ukutani zitakuwa zimeingia Machi mosi.

Kosa hilo si kubwa. Litasahihishwa kwa kubonyeza kitufe kimoja mara moja, baada ya saa tisa usiku, mtambo ukishatulia. Septemba ya mwaka huo, Enkutatash itasogea kutoka Septemba 11 hadi Septemba 12, na Addis Ababa itaendelea na hesabu yake bila kurekebisha chochote.

Saa ya Haile Selassie ikiwa bado inatembea siku hiyo, itakuwa imefikisha karibu miaka 150, na asubuhi ya Machi mosi itamhitaji mtu wa kuibonyeza. Gurudumu lake lina nafasi za miezi 48, na hakuna hata moja inayosema mtu huyo atakuwa nani.